Piano ya Marekani na Kaniki: Maisha ya Mama Loise Kadzo Kyalo (1945–1999)

Mama Loise Kadzo Kyalo, ambaye leo Jumamosi, tarehe 6 Novemba 1999, tumekusanyika kumsindikiza, alizaliwa Ribe tarehe 14 Machi 1945. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Dzoro na marehemu Mama Jacinta. Mkunga aliyempokea alipigwa teke la kifua kabla hajamaliza kumfuta, akasema, “Huyu mguu wake hautamwacha mtu alale.” Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Kache, aliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa, na anayethibitisha habari ya mateke kwa mbavu zake mwenyewe.

Mwaka 1952 aliingia shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani. Hesabu hakuzipenda, nazo hazikumpenda. Alichopenda ni ile karatasi kubwa ya do-re-mi iliyotundikwa ukutani, mwalimu akiigusa kwa fimbo na watoto wakiimba kila fimbo inapotua. Katika miezi mitatu Kadzo aliweza kuimba karatasi nzima kutoka chini kwenda juu, na kutoka juu kurudi chini, akiteka maji, akitwanga, akichambua mchicha. Nyumba nzima ilichoka. Babake alimwambia siku moja, “Mwanangu, huyo do umeshamwita vya kutosha. Hakuja bado?”

Shuleni kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, cha mke wa mwalimu, na watoto walikatazwa kukisogelea. Mwaka 1955, akiwa na miaka kumi, Kadzo alisubiri mama yule aende kunywa chai, akaingia, akafunua, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kimya vilevile. Maskini hakujua kwamba kinanda cha namna ile lazima kikanyagwe chini kwa mguu ndipo kipate pumzi ya kusema. Mke wa mwalimu alimkuta hapo, na Kadzo akachapwa viboko sita kwa wimbo ambao hata haukulia. Jioni, amelala kifudifudi kwa sababu ya maumivu, alimnong’oneza mdogo wake, “Kache, nimejua siri yake. Aliponichapa alikaa akakipiga, nikachungulia. Ni mguu. Bila mguu hakisemi.” Kisha akasema jambo ambalo Kache hakulisahau. “Iko siku nitakipiga, na hapatakuwa na wa kunichapa.” Tafadhalini, mliokaa hapa, likumbukeni neno hilo la mguu.

Aliacha shule mwisho wa mwaka 1958, baba alipougua, akajiunga na darasa la ushonaji palepale misheni. Mguu wake ukapata kazi. Cherehani alilifahamu kwa wiki moja, na mwalimu wa ushonaji aliandika katika cheti chake, ambacho bado kipo, kwamba “mwanafunzi ana mkono mzuri na mguu wa ajabu.” Februari 1962 alishuka Mombasa na furushi moja. Akaajiriwa na Bwana Muhdhar, Mungu amrehemu, aliyekuwa na duka la ushonaji katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Bwana Muhdhar alipozeeka, mwaka 1974, alimwachia chumba cha mbele na cherehani lake la chuma, akamwambia, “Binti, hili cherehani halijui dini. Mshonee kila mtu.” Na kweli alimshonea kila mtu. Kanzu za maharusi, sare za shule, buibui, majoho ya kwaya. Kuna Ijumaa moja Bi Swabaha, jirani yake wa mbele aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi, alichukua fuko lisilo lake, akafika kwenye shughuli, akafungua mbele ya wakwe na kutoa joho la kwaya jekundu lenye msalaba kifuani. Wakati huohuo mwimba sauti ya tatu wa kanisa letu alikuwa amesimama kwenye mazoezi, ameshika buibui, hajui aanzie wapi kulivaa.

Bwana Benard Kyalo alitoka Machakos kuja kufanya kazi ya ukarani wa reli. Mwaka 1966 alipeleka suruali ipunguzwe kwa Bwana Muhdhar, ikapunguzwa na Kadzo. Wiki iliyofuata akairudisha, ati bado ndefu. Mwezi uliofuata akaileta tena. Mara ya nne Kadzo alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, “Bwana Kyalo, ikija hapa tena itakuwa kaptura. Sema ulilokuja kusema.” Bwana Kyalo akalisema. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1967 katika kanisa hili letu la karibu na Mwembe Tayari, ambapo hata siku ile, padri akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya utingo nje akiita abiria wa Voi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Trizah mwaka 1969 na Elvis mwaka 1973. Suruali ile ipo. Elvis aliivaa shule ya msingi.

Sasa tufike penye kiini. Wengi wenu mlimjua Mama Trizah kama mpiga piano wa kanisa, lakini wageni waliotoka bara huenda hawajui alifikaje pale.

Mapema mwaka 1993 mpiga piano wetu, kijana wa bandarini, alihamishiwa Kisumu. Piano ikafungwa kwa ufunguo. Jumapili ya tarehe 18 Aprili, baada ya ibada, wazee wa kanisa walitangaza kwamba kuna hoteli ya pwani ya kaskazini inayoitaka, na kwa kuwa hakuna wa kuipiga, bora iende ikafanye kazi kuliko kuliwa na mchwa. Mzee Tsuma, aliyekuwa mtunza mali ya kanisa, aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Trizah alisimama kwenye benchi la sauti ya pili. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na katika maisha yake yote alikuwa amebonyeza kinanda mara mbili tu, nacho kikakataa kusema.

“Nipeni mpaka Krismasi,” alisema.

“Upewe nini?” Mzee Tsuma akauliza.

“Nijifunze. Siku ya Krismasi nikishindwa, iuzeni, nami nitashona turubai la kuifunikia njiani.”

Watu walicheka, lakini hakuna aliyepata moyo wa kumkatalia. Mama Trizah akaomba ufunguo. Mzee Tsuma akasema, na yupo hapa leo na ametupa ruhusa tuseme, kwamba mali ya kanisa haichezewi. Kwanza ajue kupiga, ndipo apewe ufunguo. Ni sawa na kumwambia mtu asitie mguu majini mpaka ajue kuogelea! Nyumbani Bwana Kyalo alimwambia mkewe arudi akadai ufunguo kwa nguvu. Alimjibu, “Baba Trizah, mtu mzima akishasema neno mbele ya watu, umpe nafasi alitafune mwenyewe.” Mzee Tsuma alilitafuna miezi minane.

Alianza kwa kutafuta mwalimu. Aliambiwa yuko mmoja Kizingo, Mwalimu Naomi, aliyefundisha piano watoto wa majumba makubwa. Akavaa gauni lake la buluu, akaenda. Mwalimu Naomi alimpokea vizuri, akampa juisi ya ukwaju, akamtazama vidole vilivyojaa alama za sindano, akasema, “Mama, usinichukulie vibaya. Samaki mkunje angali mbichi.”

Mama Trizah akaweka gilasi chini. “Mwalimu, mimi si samaki. Mimi ni fundi wa nguo, na nguo hukunjwa wakati wowote.” Akaaga kwa heshima. Mlangoni akageuka, akamwambia Mwalimu kwamba pindo la pazia lake limefumuka upande wa kushoto. Akachomoa sindano iliyokaa daima kwenye kola yake, akapiga magoti na kulishona papo hapo, kisha akaenda zake. Mwalimu Naomi amekiri kwamba alikaa wiki nzima akiliangalia lile pindo na kujiona mtu mbaya.

Mwalimu hakupatikana, ufunguo hakupewa. Angekuwa mtu mwingine angeanza kushona turubai. Yeye alikwenda kanisani na utepe wake wa kupimia, akamwomba Mzee Tsuma afungue piano kwa dakika kumi tu, asiiguse, aipime. Mzee alisimama juu yake kama askari wa forodha. Akapima upana wa kila kibao cheupe na kila kibao cheusi, urefu, nafasi ya katikati, yote, akaandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa. Akarudi Mji wa Kale akakata vitambaa viwili, marekani nyeupe na kaniki nyeusi. Siku nne alishona. Ikatoka piano nzima ya nguo, vibao vyeupe vya marekani na vyeusi vya kaniki, kila kimoja kimejazwa pamba kidogo ili kidole kikisikie, na juu yake herufi za do-re-mi kwa uzi mwekundu. Ndiyo ile mnayoiona leo imetandikwa juu ya jeneza.

Alivua mkanda wa cherehani ili sindano isiende, akaitandaza piano yake juu ya meza ya cherehani, akafungua kitabu cha nyimbo chenye nota. Sauti zote nne za kwaya alizijua, kwani miaka thelathini aliimba ya pili huku masikio yakiiba ya kwanza, ya tatu na ya nne. Mkono wa kulia akaupa sauti mbili za wanawake, wa kushoto mbili za wanaume. Vidole vikigusa kitambaa, kinywa kinaimba. Na mguu wa kulia, ambao tangu mwaka 1958 haukuwahi kukaa mbele ya cherehani bila kukanyaga, ukakanyaga. Kwata-kwata, kwata-kwata. Hakuna aliyemwambia aache. Nani angemwambia? Yeye mwenyewe alijua tangu utotoni kwamba bila mguu kinanda hakisemi.

Wateja waliokwenda kuchukua nguo walimkuta mama mzima anapapasa kitambaa na kuimba “so, so, la, so,” cherehani linazunguka na hakuna linachoshona. Siku ya kwanza Bi Swabaha alivuka kichochoro na kijiko mkononi.

“Shoga, u mzima?”

“Ni mzima. Najifunza piano.”

“I wapi hiyo piano?”

“Si hii?”

Bi Swabaha aliitazama, akamtazama, akamshika paji la uso kupima homa. Kisha akavuta kigoda akaketi. Alipenda kusikia. Na hapa ndipo Mungu alipomletea mwalimu asiyemtarajia, maana Bi Swabaha hakuwahi kuona piano, wala hakuwahi kuingia kanisani, lakini masikio yake hayakupitwa na kitu. Baada ya wiki mbili alikuwa akipiga kelele toka kwenye karai lake la mahamri, “Weye! Hapo jana ulipanda, leo washuka! Sema moja!” Mama Trizah akitazama kitabu, kweli amekosea. Bwana Kyalo, aliyetaka ufunguo udaiwe kwa nguvu, alipanda cheo akawa mfungua kurasa. Hivyo ndivyo ulivyopita Mei, Juni, mpaka Desemba, kila siku baada ya sala ya alasiri, kabla hajarudi kwenye nguo za watu. Bi Swabaha anasema hakuwahi kumwona na hofu isipokuwa mara moja, mwanzo wa Desemba, alipoweka mikono mapajani na kusema, “Swabaha, je, na hii nayo ikikataa kulia?” Bi Swabaha akamwambia, “Ikikataa, miye naingia huko kwenu na mwiko.”

Tarehe 25 Desemba 1993, siku ya Jumamosi, kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mwalimu Naomi alikuja kutoka Kizingo, baada ya kupelekewa barua ya heshima na Mama Trizah, akaketi benchi la nyuma. Bi Swabaha alisimama nje dirishani na kikapu chake, ati anapita tu. Mzee Tsuma akafungua piano kwa ufunguo mbele ya watu wote. Mama Trizah aliketi, akavua viatu kama alivyozoea, akajipangusa mikono kwenye gauni. Akabonyeza.

Ikalia! Jamani, ikalia. Alishtuka mwenyewe akasema kwa sauti kubwa, “Ee Mungu wangu!” na kipaza sauti kikaipeleka mpaka Mwembe Tayari.

Kisha mguu ukatafuta kanyagio, ukalipata, ukaanza kazi. Wanaojua piano wanajua kwamba kanyagio lile la kulia hukanyagwa kwa adabu, taratibu, ili sauti irefuke kidogo. Mama Trizah alilikanyaga kama mtu mwenye sare mia za shule na muhula unafunguliwa kesho. Kwata-kwata, kwata-kwata. Sauti zikawa zinavimba na kunywea, kanyagio linagonga sakafu ya mbao kama ngoma, na kwa kuwa vidole vyake vilifundishwa na mguu, na mguu wa cherehani ukishashika kasi haurudi nyuma, wimbo ule wa upole wa kumbembeleza mtoto horini ukaanza kwenda mbio. Ubeti wa pili watu walikuwa wanapiga makofi. Ubeti wa tatu akina mama wa Ribe na Rabai walikuwa wametoa kayamba, ambazo mpaka leo hakuna ajuaye zilitoka wapi. Mtoto horini hakulala siku ile! Hakukosa nota hata moja.

Ulipokwisha, wazee wawili walikunja nyuso, wakasema hii si piano, ni mashine ya kusaga. Mzee Tsuma alisimama na ufunguo wake mkononi. Ndipo Mwalimu Naomi alipotoka benchi la nyuma, machozi ya kicheko yakimtiririka, akafika mbele na kumshika Mama Trizah mikono yote miwili.

“Mama, nilikukosea. Vidole sina neno navyo,” alisema. “Nipe huo mguu. Nitaufundisha bure.”

Mzee Tsuma hapo hapo akamvisha Mama Trizah ufunguo shingoni, na habari ya hoteli ikafa. Piano ni hiyo hapo, haijauzwa.

Ama habari ya kuufundisha mguu, tunasema kwa heshima zote kwamba Mwalimu Naomi alishindwa. Kila Alhamisi jioni, kuanzia Januari 1994, alikuja kanisani. Alimvalisha viatu vizito. Akaufunga mguu kwa leso kwenye mguu wa kiti, mguu ukaondoka na kiti. Akaweka tofali juu ya kanyagio, na tofali likasukumwa mpaka madhabahuni. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Lakini wakati huo kanisa lilishazoea, wageni wakawa wanatoka Likoni na Changamwe kuja kusikia “piano ya cherehani,” na Mwalimu Naomi akawa anakuja Alhamisi kwa ajili ya chai na mahamri ya Bi Swabaha. Walikuwa marafiki watatu wa ajabu. Na wale wawili, kila mmoja alikuwa akiwaambia watu kwamba ndiye aliyemfundisha Mama Trizah piano.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 1996. Aliuficha, kama alivyoficha kila kitu kilichomuuma. Julai 1998 alichomwa na pini ya ushonaji kwenye kidole cha mguu wa kulia, kidonda kikakataa kupona, na tarehe 11 Agosti mguu ule ukakatwa chini ya goti. Familia ilimwogopa. Hakuna aliyejua amwambie nini mshonaji aliyekatwa mguu. Mwalimu Naomi alipoingia wodini akilia, Mama Trizah alimtazama, akasema, “Nyamaza, Mwalimu. Si hatimaye mguu umetulia?” Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Walipoondoka wageni, alimshika mdogo wake mkono, akasema, bila kucheka, “Kache, bila mguu hakisemi.” Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na sauti ilikuwa ileile ya yule mtoto aliyelala kifudifudi.

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba 1998 Bwana Kyalo alimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye piano. Alikuwa amekataa wiki tatu kwenda. Akapiga. Na piano ilisema, tena ilisema vizuri, kila nota imesimama peke yake, safi. Ndivyo Mwalimu Naomi alivyomwomba miaka minne apige. Tuliimba taratibu, kwa adabu, kila mtu anatazama chini. Katikati ya ubeti wa pili alisimamisha mikono.

“Huu si wimbo wangu,” alisema. “Nimekwisha, jamani. Fungeni.” Akauvua ufunguo shingoni na kuutoa mkono kuelekea kwa Mzee Tsuma.

Mzee Tsuma hakuuchukua. Aliiweka mikono yake nyuma, kama mtoto anayekataa dawa. Nje utingo alikuwa akiita abiria. Ndipo Mwalimu Naomi wa Kizingo, mwenye vyeti vyote vile, alipoinuka, akavua viatu, akajibana kwenye benchi dogo ubavuni mwa kile kiti cha magurudumu, akaunyosha mguu wake wa kulia mpaka kwenye kanyagio. “Anza, Mama Trizah,” alisema. Mama Trizah akamtazama, akavaa ufunguo, akaanza. Na Mwalimu akakanyaga. Kwata-kwata, kwata-kwata, nywele zinamwangukia usoni. Kina mama wakashika kayamba. Wengi wetu tulilia huku tunapiga makofi, na hatuoni haya kusema hivyo.

Kuanzia siku hiyo mpaka Jumapili iliyopita walipiga piano moja wawili, vidole vya mmoja na mguu wa mwingine. Mwalimu Naomi hakukosa hata wiki moja. Alipoulizwa na rafiki zake wa Kizingo anafanya nini kanisani kwetu kila Jumapili, alijibu kwamba anajifunza cherehani.

Mama Loise Kadzo Kyalo aliaga dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 2 Novemba 1999, saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai na kumkosoa Bwana Kyalo alivyofunga kifungo cha shati. Sukari ilikuwa imepanda tangu Jumatatu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Tumeumia sana, hasa kwa kuwa tulidhani bado atakuwa nasi miaka mingi.

Ameacha mume, Bwana Benard Kyalo. Watoto, Trizah na Elvis. Mkwe mmoja na wajukuu watatu. Mdogo wake, Kache. Rafiki zake Bi Swabaha na Mwalimu Naomi, ambao familia imewaandika hapa miongoni mwa ndugu wala si kwa makosa. Kanisa lake, kichochoro chake, na nguo kumi na saba ambazo hazijamalizwa, wenyewe waje wazichukue. Piano ya marekani na kaniki Bi Swabaha ameifua na kuipiga pasi kwa mkono wake, nayo itazikwa pamoja na mwenyewe, kama alivyoomba. Ufunguo hautazikwa. Aliagiza uachwe ndani ya tundu lake kwenye piano, usitolewe tena, ili anayetaka kujifunza asiombe ruhusa. Mzee Tsuma amekubali mbele ya mashahidi.

Sasa wasifu ukiisha kusomwa, tutaimba ule wimbo wa Krismasi, ingawa ni Novemba, kwa sababu ndio alioutaka. Mwalimu Naomi atapiga. Lakini ametwambia jana, kwa unyenyekevu, kwamba baada ya miaka yote hiyo hawezi kupiga na kukanyaga hivyo kwa wakati mmoja. Hilo, asema, aliliweza mtu mmoja tu. Kwa hiyo vidole vitakuwa vyake, na mguu ni wetu. Kila aliye na mguu wa kulia, mzee kwa mtoto, wa Ribe na wa Machakos, aliye ndani na Bi Swabaha aliye dirishani, akanyage chini tangu nota ya kwanza, asiogope kuharakisha.

Loise Kadzo, mikono yako ipumzike kwa amani. Mguu tunao sisi.